Kitambaa cha Umri wa Dunia

Jumatatu, tarehe 3

Dada yangu mpenzi, nakusalimu mimi mdogo wako, na shemeji yako anakusalimu kutoka ndani ya kofia yake ya kuchomelea, sauti inatoka kama ya mtu aliyeanguka kwenye pipa. Goti linaendeleaje? Na kile kikohozi? Usinijibu "nzuri tu" kama kawaida yako. Andika kweli, mimi si mgeni. Huku tu wazima, Mungu ashukuriwe. Kwenye simu hatupatikani kwa urahisi, basi nimeonelea msimu huu wa mvua nikuandikie kidogo kidogo, leo mstari, kesho ukurasa, halafu nizitume zote kwa mkupuo mvua zikikatika. Ukichoka kusoma, ruka.

Leo imenyesha ya kwanza. Na leo hiyohiyo kaja mtu na kazi ambayo sijawahi kuishona.

Ni mwalimu wa sayansi wa shule ya hapa jirani. Mwanamke mfupi, anatembea kama aliyeacha maziwa jikoni. Hata kukaa hakukaa.

"Mama, unaweza kunishonea utepe wa mita mia nne na sitini?"

"Mwalimu, unataka kuifunga shule nzima kama zawadi?"

Hakucheka. Akasema wanafunzi wake wanaimba kwamba dunia ina miaka bilioni nne na zaidi, wanapata alama, na hawajui wanaimba nini. Mmoja kamwandikia kwenye mtihani kwamba babu yake alikuwa akiwinda ile mijusi mikubwa ya kale. "Babu yake, mama! Kwao bilioni ni neno tu, kama 'shikamoo'. Sasa nataka mita moja iwe miaka milioni kumi, na watembee mwanzo mpaka mwisho. Nataka wachoke miguu. Kichwa kinasahau, miguu haisahau."

Kitambaa kitawekwa uwanjani siku ya wazazi. Nimekubali. Nilimpenda kwa ule uharaka wake.

Jumanne, tarehe 4

Nimelowesha jora la kwanza. Unajua mimi sikati kitambaa cha pamba kabla hakijaonja maji. Kikirudi na kupungua, kirudie kwenye beseni langu, kisije kikarudia mwilini mwa mteja. Mama alitufundisha hivyo, nawe ulikuwa unanuna.

Alhamisi, tarehe 6

Kikundi cha sala cha kina mama. Nimeongoza maombi kama kila wiki. Mwimbishaji wa kwaya, yule mwenye kifua kipana na ulimi mrefu, kanidaka mlangoni: "Nasikia siku hizi unaishonea dunia suruali."

"Kipimo cha kiuno ndiyo sijapewa," nikamwambia.

Wakacheka. Yeye akacheka pia, lakini akaongeza, "Angalia tu isije ikakubana wewe."

Ijumaa, tarehe 7

Kuchana kitambaa kutwa. Hakuna sauti tamu kama ya pamba inayofuata uzi wake.

Jumatatu, tarehe 10

Leo andiko litakuwa refu. Weka chai.

Mwalimu kaja kunionyesha picha zishonwe wapi. Tumekaa sakafuni, tepe zimetuzunguka kama matumbo ya ng'ombe.

"Hapa mwanzo hamna kitu. Moto na mawe. Usishone chochote."

"Mpaka wapi?"

"Mita kama tisini."

"Halafu?"

"Vijidudu. Havionekani kwa macho."

"Mpaka wapi?"

"Mita mia tatu na kitu."

Nikaweka sindano chini. "Mwalimu, nani atatembea mita mia tatu kuangalia vijidudu?"

"Ndiyo maana nikasema wachoke."

Kumbe samaki, miti, mijusi, ndege na wanyama wote tunaowajua wamesongamana mwishoni kabisa, kama abiria waliochelewa. Nikauliza, na sisi je? Akaweka vidole viwili kwenye ncha ya utepe, akavibana. "Hapa. Watu wote waliowahi kuzaliwa wamo katika vidole hivi viwili. Na tangu watu waanze kuandika ni nyuzi mbili tatu tu za pindo lako."

Nikacheka. Nilidhani ni utani. Nikamuuliza, "Na mtu mmoja? Mzee aliyekula chumvi nyingi?"

Akavuta uzi kutoka kwenye kibiringo changu, akauinua kwenye mwanga wa dirisha. "Uchane uzi huu kwa urefu wake, utoe nyuzi thelathini. Chukua mmoja. Huyo ndiye mzee wako." Akatazama saa, akakumbuka kipindi, akaondoka mbio na mwavuli wangu.

Dada, nilibaki pale na uzi mkononi. Najua wewe umeshajua nilichowaza. Kifungua mimba wangu. Ikiwa mzee wa miaka sabini haonekani, yule aliyeishi siku tatu yuko wapi humo?

Hatujawahi kulizungumza, mimi nawe. Mama alisema lisizungumzwe, likafunikwa. Lakini nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Miaka yote hii, kila nikifumba macho kuomba huwa naanza na yeye. Simtaji kwa sauti. Namwambia tu Mungu, "Unamwona," halafu naendelea na wagonjwa na mvua na watoto wangu wawili waliokua wakubwa. Huo ndio mlango wangu wa kuingilia kwenye maombi.

Jioni nimefumba macho, nikaona utepe mweupe, mrefu, hauna mtu.

Jumatano, tarehe 12

Imenyesha tangu alfajiri. Nimeshona vijidudu.

Alhamisi, tarehe 13

Zamu ya maombi ilipofika nikafungua kinywa, hakuna kitu. Wenzangu wamefumba macho wananisubiri. Nilitaka kuanza mahali pangu pa siku zote, nikasikia ndani yangu: amwone vipi, katika urefu wote ule? Nikasema nina mafua. Mwimbishaji akadakia, akaomba mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayesoma bei sokoni. Tulipotoka akanishika mkono. "Hayo mafua yako hayana kamasi," akasema. Nikamwona mchokozi.

Ijumaa, tarehe 14

Sikulala vizuri. Jikoni panavuja. Shemeji yako amesema kesho.

Jumamosi, tarehe 15

Amesema kesho.

Jumatatu, tarehe 17

Jora la pili limefika. Mwalimu amepita akiniharakisha, mkuu wa shule anataka majaribio Jumamosi. Nimetazama mawingu, hakuna nguo itakayokauka wiki hii. Nimetazama jora. Nikasema potelea mbali, nikalichana kavukavu.

Si kwa sababu ya mawingu, dada. Nilitaka kitu hiki kitoke nyumbani kwangu. Kila nikipita chumbani nakiona kimejikunja kule kama kinanisubiri. Nakaa, nasimama. Naweka maji ya chai, nasahau kuweka majani. Shemeji yako kaniuliza kama nimegombana na mtu. Nikamwambia, "Na nani, wewe hata kugombana hugombani." Akarudi kwenye vyuma vyake. Yeye ndivyo alivyo. Tangu siku ile aliporudi kutoka makaburini hajawahi kutamka neno juu ya yule mtoto, na mimi nilishaamua zamani kwamba alimsahau.

Alhamisi, tarehe 20

Sikwenda kwenye sala. Nimetuma salamu kwamba nina kazi nyingi. Hiyo angalau ni kweli.

Jumamosi, tarehe 22

Tumekitandaza. Shemeji yako alikuwa ametengeneza vigingi vya chuma, kimoja kila mita kumi, tukazunguka uwanja wote mpaka ncha ya mwisho ikaja kukaa karibu na ile ya kwanza. Mwalimu alipiga makofi kama mtoto. Alitembea mwanzo mpaka mwisho, akarudi amelowa jasho. "Wameisha!" akasema. "Wanafunzi wangu wameisha!"

Saa tisa mvua ikashuka kama imemwagwa kwa ndoo. Mwalimu akasema kiachwe, nguo ni nguo, kesho jua likitoka kitakauka. Mimi nilijua. Nilisimama barazani mwa darasa nikakitazama kinavyolowa, nusu ya pili isiyojua maji, na nikanyamaza.

Jumapili, tarehe 23

Jua limetoka wakati wa ibada. Tulipofika uwanjani kitambaa kilikuwa kimekauka. Nusu ya kwanza imelala palepale tulipoiacha. Nusu ya pili imekaza kama kamba ya kuanikia, vigingi vimeinama vyote upande mmoja, na mishono imeachia pale walipo samaki. Mwalimu akapima, akapima tena.

"Mita kumi na moja zimepungua. Hiyo ni zaidi ya miaka milioni mia! Mama, imekwenda wapi?"

"Sikulowesha jora la pili."

"Wewe? Mtaa mzima unajua huwezi kukata hata kitambaa cha kufutia meza bila kukilowesha."

"Nilikuwa siitaki tena kazi hii."

"Si ungesema tu!"

Basi nikasema. Palepale kwenye matope, na viatu vya kanisani. Nilimwambia kuhusu mtoto, siku zile tatu, na kwamba tangu aliponishikisha ule uzi siwezi kuomba, nikiomba naongea na ukuta.

Mwalimu alikunja sketi yake. Halafu akachuchumaa, akaokota kijiti.

"Moyo wa mtoto mchanga unakwenda mbio," akasema, anaandika kwenye udongo. "Mapigo mia na zaidi kwa dakika. Sasa chukua kila pigo, ulipe upana wa kidole kimoja tu. Uanze kushona. Siku tatu." Akachora, akafuta, akachora. "Utepe wake huyo mtoto ungetoka hapa, ukapita soko, ukapita daraja, ukaendelea. Huu wa dunia ungeingia ndani yake zaidi ya mara kumi."

Nikakasirika, dada. Damu ilinipanda. "Usinifanyie hesabu mtoto wangu," nikamwambia. "Tena hiyo siyo haki. Umebadilisha kipimo."

"Ndiyo, nimebadilisha. Kwani nani alikuambia miaka milioni kumi kwa mita ni kipimo cha Mungu? Nilikichagua mimi. Nimekichagua kwa sababu ya urefu wa uwanja wa shule. Uwanja ungekuwa mkubwa ningechagua kingine."

Nikamwacha pale na kijiti chake.

Jumatatu, tarehe 24

Nimefagia uwanja wa nyumba mara mbili, mvua imeuchafua mara mbili.

Jumanne, tarehe 25

Shemeji yako kaenda mwenyewe shuleni, kakikunja kitambaa chote, kakileta begani kama mbuzi. Hakuuliza kitu. Mwalimu alikuwa amemweleza. Akaketi upande wa pili wa meza, akaanza kufumua mishono ya nusu ya pili kwa ncha ya kisu, taratibu, na ile mikono yake iliyoungua.

Baada ya muda mrefu akasema, bila kuinua macho, "Nilimtengenezea kitanda."

"Nani?"

"Yule wa kwanza. Cha chuma. Kilikuwa na magurudumu madogo. Nilitaka nikuletee hospitali siku mnatoka."

Dada, mimi sikujua. Nimeishi na mtu huyu ndoa nzima sikujua.

"Kiko wapi?"

"Nilikikata." Akafumua mshono mwingine. "Ndivyo vyuma vya dirisha la jikoni."

Vyuma vile nimevifuta vumbi kila Jumamosi. Niliinuka nikaenda jikoni, nikavishika. Nilipogeuka alikuwa amesimama mlangoni, hataki kuingia. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Wewe ulikuwa husemi. Nikadhani ukilisikia utavunjika." Na mimi nilikuwa nafikiri nini juu yake miaka yote? Tukabaki tumesimama vile, kila mtu na ujinga wake, mpaka maji ya kuvuja yakamdondokea utosini. "Kesho," akasema. Nikacheka hadi nikalia, au nililia hadi nikacheka, sikumbuki kipi kilitangulia.

Alhamisi, tarehe 27

Sikwenda kwenye sala leo pia. Lakini nimetafuna neno la mwalimu kutwa nzima kama mfupa. Urefu wa uwanja wa shule! Mimi nilidhani amenionyesha jinsi Mungu anavyotuona, kumbe amenionyesha uwanja. Bado sijatulia. Najua kwamba kitambaa hakisemi uongo. Dunia ni kuukuu kweli na sisi tumekuja jana. Ila nani kasema mwenye kukaa mbali vile hawezi pia kukaa karibu?

Mwalimu kaja jioni kuniomba radhi. Nikamwomba na mimi. Tukabaki tunaombana radhi mlangoni kama watu wawili wanaopishana kwenye njia nyembamba.

Jumatatu, tarehe 31

Kila kitu kimeloweshwa. Mabaki ya jora yameloweshwa. Hata mfuko wa kubebea nimelowesha. Shemeji yako anapima kwa fimbo ya chuma, mimi nashona. Samaki wamerudi mahali pao.

Alhamisi, tarehe 3

Leo nilikwenda. Zamu ikafika kwangu. Nikafumba macho, utepe ukaja, mweupe, mrefu vilevile. Haukuondoka. Nikauacha ukae. Nikaomba nikiwa juu yake, kwa sauti, mbele ya wote: "Bwana, nina mtoto wako aliyeishi siku tatu. Unamwona." Halafu nikaendelea na wagonjwa.

Ilikuwa fupi. Kina mama wengi hawakuwa wanajua. Mwimbishaji hakusema neno lake lolote la kuchokoza. Alikuja kukaa karibu yangu, akaweka paja lake zito kando ya langu, akakaa hivyo hadi mwisho. Kwamba si mafua, aliliona tangu siku ile. Ni mimi niliyemwita mchokozi.

Jumamosi, tarehe 5

Siku ya wazazi. Hakukunyesha.

Walikuja wengi. Watoto walianza mbio, wakapita moto na mawe wanacheka, walipofika katikati ya vijidudu walikuwa wanajikokota. Kuna baba mmoja alivua viatu. Mwimbishaji alitembea yote, anahema, mkono kiunoni, na alipofika penye samaki wa kwanza akaketi chini akapaza sauti uwanja mzima usikie: "Mita mia tatu vijidudu tu! Jamani, Mungu ana subira!"

Mwalimu alicheka mpaka akashika kigingi. Akasema amefundisha miaka mingi, hakuna mwanafunzi aliyewahi kuielewa mada hiyo vizuri zaidi.

Pale mwisho palikuwa na msongamano. Kila mtu alitaka kuweka vidole vyake viwili kwenye ncha. Mama mmoja mzee alimuuliza mwalimu, "Na mume wangu yumo humu?" Mwalimu akataka kujibu kwa hesabu, nikamwona anavyojizuia. Akaniangalia mimi.

Nikamwambia yule mama, "Yumo. Ila kitambaa hiki ni cha kutazamia mbali. Ukitaka kumwona yeye, sogea. Nisimulie, alikuwa mtu wa namna gani?"

Dada, alisimulia hadi watu walianza kukunja viti. Anaamkaje, anavyokohoa kabla ya kuingia ndani, anavyokataa kuvaa koti. Niliondoka pale namjua mume wa mtu.

Jumapili, tarehe 6

Mvua zimekatika, nazituma kurasa hizi kesho. Lakini tangu jana sikai. Nimeinuka, nimeketi, nimefungua dirisha, nimelifunga.

Yule mama alikuwa na ya kusimulia. Mimi, mtu akiniambia nisogee nimtazame mwanangu, sina. Nilikuwa na homa ile kali, siku zote tatu sikujua usiku wala mchana. Wananiambia nilimshika mara moja, sikumbuki. Shemeji yako aliruhusiwa kuchungulia kwenye kioo tu. Mapigo yote yale ambayo mwalimu aliyahesabu na kijiti, mimi sina hata moja.

Wewe ndiye uliyekuwepo. Wewe mama yake mkubwa ndiye uliyempakata tangu anatoka mpaka anakwenda. Najua Mama alikukataza kusema, na najua ulitii kwa ajili yangu, nami sikuwahi kukuuliza kwa sababu nilifikiri nikiuliza nitakuumiza wewe. Kumbe humu ndani yetu kila mtu alikuwa anamlinda mwenzake mpaka mtoto akabaki peke yake.

Sasa nauliza. Alikuwa analia kwa sauti gani? Alifumbua macho? Nywele je, zilikuwa za kwetu au za kwao? Alishika kidole chako? Ulimwimbia? Hatukumpa jina, lakini wewe nakujua, huwezi kumpakata mtoto siku tatu bila kumwita kitu. Ulikuwa unamwita nani?

Usifupishe. Usiniandikie "alikuwa mzuri tu". Shemeji yako ameketi hapa mlangoni, naye anataka kusikia. Amesema atanisomea mwenyewe barua ikifika, macho yangu yakishindwa. Tafadhali dada, ukizipata hizi, jibu upesi.

Mdogo wako